Meza ya Wastoa

Jumatatu, 4 Novemba

Alhamisi mahakama inaamua: duka letu la vitabu linabaki hapa kwenye stoa, baraza hii ya maduka, au tunahama tupishe hoteli. Wastoa, wale wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, walipewa jina kutokana na baraza kama hii, na sasa wanafukuzwa barazani! Mimi tangu asubuhi nakosea kuhesabu chenji. Bwana Thrasos, mzee mwenye duka, anapanga meza ya vitabu vyao huku anapiga mluzi. Miaka yote namfanyia kazi, bado simwelewi.

Mama mmoja alikuja kutafuta kitabu cha kumtuliza. Akashika historia ya wanafalsafa, nzito kama tofali. Mzee akampokonya taratibu, akampa kile chembamba cha yule Mstoa aliyekuwa mtumwa kilema. Ukurasa mmoja asubuhi, akamwambia, kisha nenda sokoni ukabanane na watu, jioni ujiulize umefanyaje. Ukikimaliza bila kugombana nacho, kirudishe.

Mama alicheka. Akanunua viwili, kimoja cha mumewe.

Jumanne, 5 Novemba

Nimejiaibisha — mbele ya wateja. Nilitaka kumsifu mzee. Nikamwambia, kwa sauti, kwamba yeye ndiye mwenye apathia ya kweli. Wateja wakageuka. Katika vitabu vyake vya kale hiyo ni sifa kubwa kabisa. Kwa Kigiriki chetu cha leo nimemwita mtu asiyejali chochote. Gogo.

Vangelio wa duka la vifungo akadakia: "Kumbe mume wangu naye mwanafalsafa, tangu siku ya harusi."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanieleza polepole, bila kunidharau. Zamani neno hilo lilimaanisha mtu ambaye hofu na hasira hazimburuti. "Lakini kujali, najali, Zinovia. Najali sana."

Nampenda mzee huyu.

Alhamisi, 7 Novemba

Tumeshindwa. Mwisho wa Januari tutoke.

Nilimkuta mzee nyuma ya rafu, analia. Sikujua niondoke au nibaki. Akasema nikae, machozi hayajakatazwa na kitabu chochote humu, amevisoma vyote. Akapenga kamasi, akaenda kumtafutia mwanafunzi mmoja barua za yule Mstoa tajiri wa Roma. Soma moja kwa siku, alimwambia, na uisome kama umeandikiwa wewe. Sijawahi kumheshimu mtu hivi.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika jikoni, huku nyuma. Yuko dukani — Kimonas, mwenye jengo, huyuhuyu aliyetushinda jana. Alikuja na fundi kupima kuta. Fundi kaondoka, yeye kabaki mezani anashikashika vitabu. Namsikia. Usingizi hapati, moyo unamwenda mbio, mikopo ya hoteli imemkaba, daktari kamwambia apunguze mawazo. Anauliza kama kuna kitabu cha mtu kama yeye.

Ningekuwa mimi ningempa cha mapishi.

"Una haraka?" mzee anamuuliza.

"Sina."

"Basi keti, mwanangu. Siwezi kukuchagulia hivihivi. Niambie kwanza, unaogopa nini hasa?"

Kiti kinaburutwa. Halafu sauti ya mzee, ileile anayotumia kwa wateja wote: "Zinovia, tupikie kahawa. Vikombe viwili."

Kibirika ninacho mkononi. Moto sijawasha.