Herufi Isiyo ya Kiswahili

Jumanne, Suneka

Sikuliona kosa kabisa. Hilo ndilo linalonitatiza hadi saa hii.

Leo, wiki yangu ya pili ya mazoezi ya ualimu, niliwaandikia Gredi ya Nne ubaoni: "Xaxa tusome hadithi." Watoto wakanakili wote. Kisha Moraa akainua mkono.

"Mwalimu, hilo neno la kwanza linasomwaje?"

Nililitazama mara mbili nikaona liko sawa. Ilibidi Mwalimu Nyaboke, anayenisimamia, atoke nyuma ya darasa, alifute, aandike "Sasa". Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini, "Kwani hukuona?"

Nilitikisa kichwa, nikaendelea na somo.

Jioni nikampigia mama kule Ikonge, nikamwambia hizi meseji za simu zimeniharibia Kiswahili, hata "sasa" naiandika kwa x ubaoni.

Akaniambia, "Mimi pia huiandika hivyo. Si ni wewe ulinifundisha kutuma meseji, Kerubo? Nilijua ndivyo watu wa chuo wanavyoandika."

Mama aliacha shule darasa la tatu. Nilitaka kumwambia kwamba nilimfundisha vibaya.

Nimemwambia anaandika vizuri.