Kitanda cha Lori Kisicho na pa Kufungia Neti

Mikumi, Alhamisi jioni. Mvua imekatika sasa hivi, matope mpaka mlangoni, na mbu ndo wanaanza zamu yao.

Nina hasira. Ila ni ile hasira ya kufanya kazi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: useremala nimejifunza kwenye simu. Sina cheti, sina mwalimu, nina bando na msumeno. Siku hizi zote nilikuwa natengeneza kitanda cha Neema, mtoto wa jirani yangu, mama Neema. Ana miaka mitano na hajawahi kulala peke yake. Mama yake ana mimba kubwa, anajifungua wakati wowote, na kitandani kwake watoto wawili hawatoshi. Neema akaambiwa achague kitanda anachokitaka yeye. Akasema anataka kulala kwenye lori la baba. Baba yake anaendesha lori la miwa kule Kidodi, na msimu wa miwa nyumbani haonekani.

Niliposikia hivyo nikapagawa. Nikaangalia video za vitanda vya magari mpaka bando likakata. Nikapiga mbao, nikapiga msasa, nikapiga rangi nyekundu. Kichwa cha lori nikakiweka upande wa mto: kina paa, kina madirisha, kina usukani unaozunguka kabisa. Nikakipiga picha kila upande nikawarushia watu. Nilivimba, sitadanganya.

Leo asubuhi tumekiingiza chumbani. Neema akakizunguka, halafu akasema, "Hili la mchanga."

Nikacheka. Nikamwambia ni la miwa, alitazame vizuri. Akanijibu kwamba la baba lina vyuma virefu, hili halina. Nikampotezea. Yaani mtoto wa miaka mitano anifundishe kazi?

Mama yake alikuwa kasimama mlangoni, mkono kiunoni, anatazama juu.

"Neti unafunga wapi, mdogo wangu?"

Nikatazama juu na mimi, kisha nikaivuta neti.

Tukajaribu. Tukaining'iniza kwenye boriti, ikakwama juu ya paa la kichwa cha lori. Tukaipitisha chini ya paa, uso wa mtoto ukabaki nje. Kuchomeka pembeni ndo kabisa, bodi zimelibana godoro hata kidole hakipiti. Mimi, mtu wa Mikumi, nimelala ndani ya neti tangu nazaliwa, nimetengeneza kitanda nikasahau neti! Kwenye zile video zote sijaona hata moja yenye neti. Wale wenzetu sijui mbu wao wanaishi wapi.

Mama Neema hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu. Alisema tu kwamba mwaka huu malaria imeshamlaza Neema mara mbili, na yeye hawezi kuwa na kichanga huku na mgonjwa kule. Akaikunja neti. Akasema basi, watabanana hivyohivyo.

Watabanana. Hilo neno nimeondoka nalo.

Ndipo nikajiuliza: hivi mimi lori la miwa nimeshawahi kulitazama vizuri? Nikapanda bodaboda mpaka Kidodi, mvua ikanipiga njia nzima. Baba Neema nikamkuta kwenye foleni ya malori yaliyojaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza yote na kumwonyesha picha. Akawa anatabasamu mpaka alipofika kwenye picha inayoonyesha mto wa kulalia.

"Umemlaza mwanangu kwenye kiti cha dereva?"

Nikasema ndiyo, ndo penyewe pazuri.

"Dereva halali, fundi. Akilala tumekwisha. Mlaze nyuma, kwenye miwa."

Madereva wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeshaacha kuwasikiliza, natazama nyuma ya lori. Vyuma vimesimama pembeni, virefu kunishinda, vinashikilia miwa isimwagike. Mtu unafunga neti yoyote unayotaka pale.

Na Neema aliniambia asubuhi.

Nimerudi nikashika msumeno, hata chai sijanywa. Kichwa cha lori nimekitenganisha na kitanda. Kimeniuma, maana ndicho kilichonipa sifa kwenye picha, lakini kimetoka. Kitakaa mbele, upande wa miguuni, kiwe cha kuchezea. Kwenye kona nne nasimamisha nguzo ndefu, neti ining'inie kwa ndani. Bodi nazisogeza nje kidogo, mkono upite wa kuchomeka.

Mama Neema nimempa mpango wote. Hajasema ndiyo. Amesema neti ataichomeka mwenyewe, atazunguka kitanda kizima, na akikuta uwazi hata wa kidole, kitanda kinarudi kwangu.

Sawa. Hata mimi ningesema hivyo.

Ninavyoandika hapa, kichwa cha lori kiko barazani kwao. Neema yuko ndani anaendesha, anapiga honi kwa mdomo, ameitwa kula hataki kushuka. Nimepita nikamuuliza kama leo atalala humo. Kanitazama kama vile mimi ndo nisiyejua kitu.

"Humu ni kwa dereva."

Leo bado anabanana na mama yake. Kesho asubuhi nasimamisha nguzo. Kesho usiku Neema analala nyuma, kwenye miwa.