Wimbo Mmoja, Shule Tatu

Minezawa, 9 Julai

Kaka Shigeto,

Hujambo? Joto la Osaka likoje? Sisi wazima, ila mgongo wa Baba unamsumbua asubuhi. Najua hukutarajia barua yangu baada ya miaka mitano. Anwani nimeiomba kwa Mama, usimkasirikie.

Tumeshinda! Jana, raundi ya kwanza, tano kwa nne! Baba bado ndiye kocha, lakini siku hizi timu ni ya shule tatu, maana hakuna hata moja iliyobaki na vijana tisa wa besiboli. Minezawa tumetoa wachezaji wawili, na mimi ninayeandika matokeo benchini. Kila mtu amevaa jezi ya shule yake, kwa hiyo uwanjani tunaonekana kama nguo zilizoanikwa. Mwanzoni jukwaa lilitucheka. Mwishoni lilikuwa limesimama.

Ila sikiliza. Timu ikishinda, unapigwa wimbo wa shule moja tu. Kwa hiyo kabla ya kila mechi shule zetu tatu zinacheza mchezo wa mikono wa jiwe-karatasi-mkasi, na mshindi ndiye anayepeleka kanda ya wimbo wake kwa mtangazaji. Vijana wetu wawili walinisukuma mbele: "Meneja, nenda wewe, una bahati." Nikashindwa. Mechi ilipoisha tukajipanga tukitazama bendera, tukaimba wimbo wa Kamiori, moja ya zile shule mbili tulizoungana nazo. Niliuimba kwa sauti yangu yote. Usiku nikalia, uso nimeuzika kwenye mto wa kulalia.

Shule yetu inafungwa kabisa Machi. Wimbo wake haujasikika uwanja ule kwa miaka thelathini na mmoja, tangu Baba mwenyewe alipokuwa akicheza. Jumapili tunakutana na Hokurei, wenye wachezaji tisini na bendi ya tarumbeta. Nataka kuusikia mara moja, Kaka. Mara moja tu, kabla haujabaki bila mtu wa kuuimba.

Curtis, mwalimu wetu wa Kiingereza kutoka Nebraska, ameniuliza kwa nini tunauinamia uwanja. "Kwetu mechi ikiisha tunaenda kula," akasema. Nikamwambia na sisi tunakula, ila tunaaga kwanza.

Mdogo wako,
Chigusa

Osaka, 11 Julai

Mdogo wangu Chigusa,

Mimi mzima. Huku unaweza kukaanga yai barabarani. Barua yako nimeisoma mlangoni, viatu bado mguuni, mikono bado na grisi ya minyororo ya baiskeli. Ukimya wangu haukuwa kwa ajili yako.

Ulitoa jiwe, sivyo? Usikatae! Tangu una miaka minne, ukishikwa na wasiwasi unakunja ngumi. Nimekula vitafunwa vyako vyote kwa karatasi, maana karatasi hufunika jiwe na ni mkasi tu unaoikata. Wenzako wa zile shule mbili wamekuwa na wewe tangu Aprili, kwa hiyo nao wameshaiona hiyo ngumi. Watatoa nini Jumapili? Fikiri mwenyewe, msomi.

Baba usimwambie kwamba nimeandika. Bado namsikia kwenye ile njia ya kutokea uwanjani, miaka mitano iliyopita: nisikanyage nyumbani mpaka nijifunze kusimama. Tulifungwa moja bila, kwa kosa langu. Washindi wakaanza wimbo wao, wenzangu wakabaki mstarini kuusikiliza kama inavyotakiwa, na miguu yangu ikaondoka yenyewe, nikatoka kabla haujaisha. Mpaka leo sijui wimbo ule ulikuwa na urefu gani.

Shinda, wewe mtoto.

Kaka yako,
Shigeto

Uwanjani, 14 Julai, saa tatu asubuhi

Kaka,

Salamu fupi, kadi iko gotini. MKASI! Wote wawili walitoa karatasi! Hayato, nahodha wa Kamiori, amebaki kuitazama mikono yangu. "Nani kakufundisha?" Sikumjibu. Kanda yetu iko kwa mtangazaji. Sasa imebaki kazi ndogo tu, kuwafunga Hokurei. Samahani kwa mwandiko.

Mdogo wako, C.

Osaka, 17 Julai

Chigusa,

Hamjambo huko? Kadi ilifika jana, leo hakuna kitu. Naweza kutafuta matokeo kwenye simu kwa nusu dakika. Sijatafuta. Kazini nimefunga mnyororo mmoja kinyumenyume mara mbili, msimamizi ananiuliza kama nina mchumba. Niandikie, hata kama ni vibaya.

Kaka yako

Minezawa, 17 Julai

Kaka mpenzi,

U mzima? Mimi sauti imekauka kabisa, ndiyo maana naandika na hata kwenye karatasi napiga kelele.

Zamu ya tisa, ya mwisho, mbili kwa mbili. Yugo wetu, yule mwembamba wa mwaka wa kwanza, yuko kituo cha tatu, amebakiza kimoja tu kupata pointi. Mpigaji ni Hayato, ambaye mechi iliyopita aliupeleka mpira nje ya uwanja mara mbili. Baba akagusa ukosi, kisha mkanda. Ishara ya kujitoa: mpigaji anaugusa mpira kidogo tu, yeye anatolewa ili mwenzake apate kuingia. Curtis jukwaani akapiga yowe: "Mwache apige! Huyo ndiye mpigaji wenu bora!" Hayato alikuwa anajua ni kanda ya nani iko kwa mtangazaji. Akaushusha mpira taratibu, ukafa mbele ya miguu yake, akakimbia akijua anatolewa. Yugo akaingia kwa kifua. Tatu kwa mbili!

Ukapigwa, Kaka. Kanda ilikwaruza, sauti za watu ambao sasa ni vikongwe. Jezi za rangi tatu zikaimba milima ya Minezawa. Hayato alikosea neno moja na kulirudia kwa nguvu zaidi.

Nilikuwa nimepanga kuitazama bendera. Lakini nikamwona mrushaji wa Hokurei kwenye mstari wao, magoti yanamlegea. Mwenzake akamshika mkanda kwa nyuma, akamshikilia mpaka mwisho. Wimbo mzima ni dakika moja na sekunde ishirini. Nimeungoja wimbo huu maisha yangu yote na niliuona mfupi. Kutoka upande ule ni mrefu mno, Kaka. Ni mrefu mno.

Kwenye gari, tulipofika darajani, Baba akaanza kusema. "Yule kijana alishikwa mkanda. Shigeto hakuna aliyemshika. Nami nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake." Nikamwambia kwamba umeniandikia. Nisamehe. Akaegesha gari pembeni.

Jumapili tunacheza tena.

Mdogo wako,
Chigusa

Osaka, 19 Julai, kwa haraka

Chigusa,

Salamu kwa wote. Nimesoma mara nne. Tiketi ninayo, treni ya kesho asubuhi. Jumapili nitakuwa jukwaani kwenu. Mkishinda nitaimba wimbo wa shule yoyote itakayotoka, na mkifungwa nitasimama niusikilize wa wenzenu mpaka neno la mwisho.

Mwambie Baba nitakuja nimevaa mkanda.

Kaka yako,
Shigeto