"Nenda, Kwani Nani Kakushika?"

Mpendwa mshauri, shikamoo, maana umri wako siujui na sitaki kukukosea adabu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, sina mke wala mtoto, na kazi yangu ni kuhesabu fisi, yaani tunafunga kamera kwenye miti porini, zinapiga picha zenyewe, nami nakaa ofisini na kompyuta nikikadiria wako wangapi, pamoja na wale ambao kamera haikuwanasa, kwa sababu mnyama kutoonekana si kwamba hayupo, na wenzangu wameshanibatiza Bwana Fisi. Sasa nimepata nafasi ya kusomea shahada ya udaktari katika hesabu hizohizo za uhifadhi, miaka minne, nchi ya mbali, gharama zote juu yao, na profesa anataka jibu Ijumaa. Siku habari ilipofika nilijitazama kwenye kioo nikasema, "Hongera, bwana," kisha nikala nimesimama kama kawaida yangu, kwani sina wa kula naye, na hata simu yangu ikiita ni kampuni ya simu inaniuzia vifurushi.

Nina dada mmoja tu, ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki, nikaenda kwake Jumapili nikamkuta anachekecha unga, nikamwambia kuna masomo yamejitokeza, ni mbali kidogo, naye hata hakuinua kichwa, akasema, "Nenda baba, kwani nani kakushika?" Mshauri, neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Ni kweli, hakuna aliyenishika. Nikiondoka hakuna atakayegundua mpaka mwenye nyumba aone kufuli limeota kutu, na sasa nafikiria kuikataa nafasi yenyewe, maana kwenda bila wa kukuaga naona ni sawa na kufukuzwa. Nifanyeje?

Bwana Fisi

Mshauri anajibu:

Marahaba, Bwana Fisi, na umri wangu uache ulivyo. Pole kwa upweke. Chakula cha kusimama nakijua, nilikila sana baada ya kumzika mume wangu, na hakishibishi. Ila kwa huyo dada umenikera.

Ulimwambia "mbali kidogo", halafu ulitaka akulilie? Miaka minne ng'ambo ndiyo kidogo? Mwenzio alidhani unakwenda semina, utarudi wiki ijayo na mkoba wenye nembo. Alikuwa anakusukuma uende shule, kama alivyozoea tangu ukiwa mdogo. Fisi asipotokea kwenye picha unamtetea, unasema huenda yupo. Dada asipoinua kichwa mara moja tu, umeshamfuta! Hesabu gani hiyo, na unataka udaktari?

Tena umeniandikia mimi, nisiyekujua hata sura, kabla ya kumweleza aliyekulea. Ona haya kidogo.

Sasa sikia. Mwandikie profesa leo, mwambie unakuja. Usingoje Ijumaa, na tuma kabla ya kukanyaga kwa dada yako, maana nimeshakusoma: akidondosha chozi moja tu utaacha masomo, kisha uzeeni umlaumu yeye. Ukishatuma, nenda kwake, mwombe auache unga wake akae chini, umwambie yote: nchi gani, miaka mingapi, na kwamba unaogopa. Usilete mzaha. Akilia, usimnyamazishe upesi. Lia naye.