Leo absens nimepewa mimi

Kaka, uko wapi? Nijibu upesi.

Unajua Padri wetu wa somo la Kilatini anavyomchagulia kila mwanafunzi kivumishi chake, amsimamishe nacho mbele ya darasa? Leo ilikuwa zamu yangu. Kanipa absens.

ABSENS, kaka!

Nikadhani utani. Nikaanza kutaja maumbo yake: absens, absentis, absenti... Darasa zima likainamia madaftari, hata wale wacheka ovyo. Padri akauliza neno limetoka wapi. Nikamjibu, ab ni mbali, esse ni kuwa. Asiyekuwepo.

"Kwa mwanamke je?"

"Absens, Padri."

"Na kwa kitu?"

"Absens."

"Naam. Halibagui," akasema, akawa anafuta ubao taratibu, bila kunitazama.

Bila kunitazama! Mwaka jana alimpa Mrefu, yule wa bwenini kwetu, neno hilohilo. Jioni ileile tukakuta kitanda chake chaga tupu, bila godoro, tukauliza kaenda wapi, tukaambiwa twende tukale.

Mimi nimefanya nini jamani? Nikajipa moyo, labda mzee kasahau tu kwamba alishampa Mrefu. Nimekuja bwenini mbio.

Kaka, godoro langu halipo. Chaga tupu.

Na huko nje kengele ya chakula inalia.