Chumba cha Mama Risper Ndani ya Miwani

Jumamosi, asubuhi. Baridi ya Julai imekaza na manyunyu hayajakatika tangu alfajiri. Niko kwa dada yangu hapa Nyayo Highrise, ghorofa ya nne, nimejifunika leso mbili na chai imepoa mbele yangu. Kila mtu anapopanda ngazi huko nje, naacha kuandika hadi nisikie amepita.

Naogopa. Nimeona nianze na hilo kabla sijaanza kujifanya.

Kazi yangu ni kupiga picha nyumba. Tuko na ofisi ndogo juu ya duka la hardware pale Kawangware 56, na kamera yetu huzunguka juu ya stendi yake ikipima chumba chote, ukuta hadi ukuta. Baadaye mteja anavaa miwani ya VR, ile kubwa inayofunika macho yote, na anajikuta amesimama ndani ya nyumba hiyo hata kama yeye yuko Mombasa. Anageuka, anatembea, anachungulia jikoni. Nyingi huwa ni nyumba za kuuzwa. Sikuwahi kufikiria kuna siku nitapima chumba ambacho mtu ameuawa.

Mwezi uliopita mpelelezi mmoja, Sajini Mwende, alipanda ngazi zetu akiwa na ombi. Mama mmoja wa mtaa wa Silanga, muuza makaa aliyeitwa Mama Risper, alikuwa amepatikana nyumbani kwake mchana, amepigwa kichwani, amekufa. Nyumba za upande ule wa Nairobi Dam zilikuwa zibomolewe wiki hiyo hiyo. Sajini alitaka chumba kibaki kama kilivyo, hata baada ya mabati kung'olewa.

Nilienda kesho yake. Mwili ulikuwa umeshachukuliwa. Palikuwa na meza, kitanda, na kabati refu la mbao ambalo Mama Risper alilisimamisha katikati ili ligawanye chumba: huku mlangoni sebule, kule nyuma kitanda. Gauni lake la kanisani lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari. Kando ya kitanda, kwenye simiti, palikuwa na doa. Nilifanya kazi bila kuinua macho sana, na siku hiyo sikula.

Aliyeshikwa ni Felix, mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akiishi naye na kumbebea magunia. Alishikwa kwa neno la shahidi mmoja.

Shahidi ni Baba Sheila.

Baba Sheila ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kabla ya bomoabomoa aliishi Silanga, milango miwili kutoka kwa Mama Risper, lakini karakana yake iko Kawangware, nyuma ya ploti ninayokaa. Mlango wangu wa chuma alinitengenezea yeye. Huniita msichana wa kwetu kwa sababu sote tumetoka upande wa Bungoma. Nilipougua mwaka jana, aliniletea uji siku tatu mfululizo. Mtu angeniuliza nimtajie watu watano wema ninaowajua, angekuwa wa pili.

Aliwaambia polisi kwamba alikuwa akienda kuteka maji, akasimama kwenye kizingiti, akamwona Felix akimpiga shangazi yake kando ya kitanda. Alipiga nduru, Felix akatoroka. Yeye, alisema, hakuingia ndani hata hatua moja.

Jumanne ya wiki hii Sajini alimleta ofisini kwetu avae miwani na aonyeshe aliposimama. Mimi ndiye niliyemfunga mkanda kichwani. Alikuwa anacheka kidogo, kama mtu anayepimwa kofia. Kwenye skrini yangu niliona kila alichokuwa anaona.

"Sasa uko mlangoni," Sajini akamwambia. "Simama pale ulikuwa siku hiyo."

"Si ni hapa tu, mlangoni."

"Sawa. Nionyeshe Felix alikuwa wapi."

Kwenye skrini kulikuwa na kabati. Kabati kutoka juu hadi chini. Aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, akainama. Kabati. Kitanda hakikuonekana hata mguu wake mmoja.

Kisha akapiga hatua, akapiga nyingine, mkono ameutanguliza kama mtu anayetembea nyumbani stima ikiwa imepotea. Akalizunguka kabati polepole mpaka kitanda kikatokea, akasimama katikati ya kitanda na meza.

"Nilikuwa hapa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi kupata alichokuwa akitafuta.

"Fundi," Sajini akasema taratibu, "hapo ni ndani."

Alijivua miwani mwenyewe. Hakumwangalia Sajini. Aliniangalia mimi.

"Nafula, ni wewe ulitengeneza hii kitu?"

"Ni mimi, Baba Sheila."

"Ni kazi safi," akasema, akachukua kofia yake na kushuka ngazi.

Sajini hakumzuia. Alinieleza kwamba mtu kudanganya aliposimama si sawa na kuua, na kwamba angehitaji zaidi ya hilo. Niliitikia kwa kichwa kama naelewa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza jinsi nitakavyopita mbele ya karakana yake kurudi nyumbani.

Nilipita. Alikuwa anachomelea dirisha, ngao imefunika uso wake, na sikuweza kujua kama ananitazama.

Jumatano alienda stesheni ya polisi kwa miguu yake akasema mashine inadanganya. Kwamba lile kabati siku zote lilikaa ukutani, na kwamba mimi ndiye niliyelisukuma katikati nipate nafasi ya kamera. Sajini akanipigia.

"Kuna kitu ulisongesha kwa hiyo nyumba? Hata kidogo?"

"Hapana," nikamjibu.

Nilijibu haraka mno.

Hili ndilo sijamwambia mtu yeyote mpaka juzi. Siku ile nikiwa napima, stendi ya kamera ilikwama, na nilisukuma kitu kwa nyonga ili ipite. Nakumbuka mbao ikikwaruza simiti. Sikukumbuka kama ni meza au ni kabati. Nilikaa kitandani nikijaribu kujiona tena nikisukuma, na kila nikijaribu, mara ni meza, mara ni kabati. Kama ni kabati, basi nimemtundikia uongo mtu aliyenilisha nikiwa mgonjwa. Kama ni meza na mimi sijaenda kuthibitisha, Felix anaozea rumande kwa woga wangu. Niliegemeza kiti nyuma ya mlango nikalala nikiwa nimevaa viatu.

Alhamisi mchana nikaenda Silanga na futi ya kupimia.

Nyumba haikuwepo. Zilikuwa zimebaki sakafu na vizingiti tu, moja baada ya nyingine, na kwenye ncha ya safu wamama wanauza sukuma wiki. Niliitambua sakafu ya Mama Risper kwa weusi wa makaa ulioingia kwenye simiti. Nikachuchumaa. Miguu ya lile kabati ilikuwa na vyuma chini, na kwa miaka yote iliyokaa pale vilikuwa vimeacha alama nne za kutu. Nikavuta futi kutoka kwenye kizingiti hadi kwenye alama, nikalinganisha na vipimo vilivyo kwenye simu yangu.

Vililingana kabisa.

Meza nayo ilikuwa imeacha alama zake, na hizo ndizo hazikulingana. Zilikuwa zimepishana na picha yangu kwa shubiri moja hivi. Ni meza niliyosukuma. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu Jumatano, na karibu nilie hapo chini kama mtoto.

"Unapima nini, msichana wa kwetu?"

Alikuwa amesimama pale mlango ulipokuwa. Ovaroli, mikono mitupu. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Naangalia kama hapa panaweza tosha kibanda," nikasema.

Aliangalia futi. Akaangalia kidole changu, kilichokuwa bado kimegusa alama ya kutu. Kisha akaja kwangu, na jinsi alivyokuja ndiyo naiona mpaka sasa kila nikifumba macho. Sakafu ilikuwa tupu. Angeweza kuja moja kwa moja. Lakini alitoka kizingitini, akakata kulia, akapita pembeni ya mahali kabati lilikuwa, akalizunguka, ndipo akanifikia. Mwili wake ulijua kabati lilikaa wapi, hata kama mdomo wake ulikuwa umekataa.

Nadhani alijishtukia, maana aliangalia miguu yake.

"Ule mlango wako," akasema, "kitasa bado kinashika vizuri?"

"Kinashika."

"Najua kinashika. Nilikiweka mwenyewe."

Sikuweza kuinuka. Nilikuwa nawaza tu kwamba ni mchana, watu wako hapo, mchana watu wako hapo, halafu nikakumbuka kwamba hata Mama Risper aliuawa mchana.

Mama mmoja wa mboga aliweka kisu chake chini. Simjui. Akaja akijipangusa mikono kwenye leso, akasimama kati yangu na Baba Sheila.

"Dada, sukuma yako nimemaliza kukata. Kuja uchukue niende."

Sikuwa nimenunua sukuma. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaniinua, tukaondoka. Alinisindikiza hadi barabarani bila kuniuliza swali hata moja, akanitilia sukuma kwenye mfuko, akasubiri nipande bodaboda. Sikumwuliza jina. Hilo linanisumbua.

Nilienda stesheni moja kwa moja, na mfuko wangu wa sukuma, nikamwambia Sajini Mwende yote. Alama za kutu, jinsi alivyozunguka kabati lisilokuwepo, na meza. Hasa meza.

"Hiyo ya meza ungeniambia jana," akasema.

"Najua."

"Wakili angekuuliza kortini, ungesema nini?"

Aliandika kila kitu, meza ikiwemo, nikatia sahihi. Alinishauri nisilale kwangu, ndiyo nikaja hapa kwa dada.

Jana asubuhi polisi walienda karakana. Chini ya meza ya kazi, ndani ya mkebe wa grisi, walipata funguo. Nyingi. Kila mlango aliouchomelea kwa miaka hii yote, alikuwa akijiwekea ufunguo mmoja, na kila ufunguo ulikuwa na kipande cha plasta chenye jina. Zile nyumba za Silanga na Kawangware zilizokuwa zikiibiwa bila kitasa kuvunjwa, tukashuku wapangaji wenzetu na watoto wao, ni yeye. Walipoumwaga mkebe mbele yake aliongea. Mama Risper alikuwa amemkuta akifungua nyumba ya jirani adhuhuri, akamwambia angemripoti kwa chifu. Baba Sheila alimfuata nyumbani kwake kumwomba anyamaze, mama akakataa, ndipo akampiga. Felix wakati huo alikuwa amepeleka gunia Kawangware, na hakuna aliyemsikiliza aliposema hivyo.

Sajini alinipigia kunieleza.

"Wako pia ulikuwa ndani," akasema. "Ameandika Nafula."

Tangu jana nafanya hesabu ya vitu vidogo. Siku niliyokuta beseni limesogezwa. Siku pazia lilikuwa limefungwa na mimi huliacha wazi. Nilijiambia nimesahau, mimi husahau sana. Hakuniibia chochote ninachokijua. Hilo ndilo linaloniogofya zaidi. Alikuwa akiingia kufanya nini? Na ule uji, siku tatu, nilikuwa nalala na homa na mlango nimefunga. Sikumbuki nikiinuka kumfungulia.

Sasa yuko seli, wamesema hatoki. Najua. Miguu yangu bado haijajua.

Felix aliachiliwa jana alasiri, yeye na mfuko wake wa nguo. Leo saa mbili simu yangu ikalia, namba nisiyoijua, nikaiacha ilie mara mbili ndipo nikashika.

"Sasa Nafula. Ni Felix, wa Mama Risper."

Alinishukuru. Sauti yake ni ya chini kuliko nilivyodhani.

"Nyumba ilibomolewa nikiwa seli," akasema. "Vitu zikapelekwa ushago na mwili, akazikwa huko kijijini, sikuwa. Hata sijui nisimame wapi nikitaka kumkumbuka. Afande ameniambia wewe bado uko na hiyo nyumba kwa mashine. Naeza ingia?"

Nikamwambia anaweza. Halafu nikalazimika kumwambia lile lingine.

"Felix, kuna doa kwa sakafu. Naweza kukutengenezea nakala nyingine, nilitoe."

"Usitoe," akasema. Akavuta pumzi. "Ama toa. Sijui. Nitakuambia nikifika."

Anakuja Jumatatu saa tatu. Nimeshaandaa nakala zote mbili kwenye laptop, yenye doa na isiyokuwa nalo. Naogopa ngazi, naogopa vitasa, lakini kuliko vyote naogopa dakika ile atakaposimama mlangoni kwa shangazi yake na gauni liko pale kwenye msumari.

Nimeamua jambo moja tu, na linanitosha kwa leo. Nikishamfunga mkanda sitarudi kuketi mbele ya skrini. Nitasimama karibu naye na kumwekea mkono begani, ili popote atakapokuwa mle ndani, ajue huku nje kuna mtu.