Momo za Watu Watatu

Jumamosi, 7 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu: wale wenzangu ninaokula nao kila Jumamosi hawapo. Niliwabuni.

Mama alikuwa ananiuliza mno tangu tuhamie huku — umepata marafiki? bado tu? Siku moja nikasema ndiyo, wawili, tunakutana kwenye mkahawa wa Wanepali nyuma ya duka la vitambaa. Alifurahi, akashona mchana kutwa huku anaimba! Basi ikabidi niwe naenda kweli. Peke yangu.

Leo nimekula momo. Vidonge vya unga vyenye nyama ndani, vinapikwa kwa mvuke. Marinda yake yamenyooka kuliko ya sketi yangu ya shule — na hiyo kashona Mama! Achari yake ya nyanya ina pilipili, ikanitoa machozi. Angalau hayo yalikuwa na sababu.

Jumatano, 11 Machi

Mama anataka picha. Eti hao wenzio hawana sura? Nikamwambia wana haya.

"Kukuzidi wewe?"

Akacheka mwenyewe. Shuleni nasomeshwa kwa lugha mbili na nanyamaza kwa zote mbili.

Nimepata wazo. Nitapiga picha ya meza tu.

Jumamosi, 14 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Niliagiza vya watu watatu. Momo, wali na mchuzi wa dengu, na gundruk — mboga ya majani iliyochachushwa, chachu mpaka masikio yanasisimka. Nimeipenda. Mwenye mkahawa alipoingia jikoni nikang'ata momo moja kwenye kila sahani, nikachovya kijiko kila bakuli. Ionekane watu wamekula. Nikapiga picha.

Kugeuka — huyo hapo nyuma yangu na jagi la maji.

Akauliza wenzangu wako wapi. Wanakuja, nikasema. Akatazama sahani moja moja. Kwa upole kabisa akaniambia kwao chakula kikishaguswa na mdomo wa mtu hakiwekwi mbele ya mgeni mwingine. Sasa hao wakija watakula nini, mdogo wangu? Apike vingine?

Ningesema apike, yangeishia hapo. Lakini nikasikia sauti yangu:

"Usipike."

Hakuuliza tena. Akaondoa kiti kimoja mezani. Kingine akakikalia yeye. Hakula kitu. Wali ulipopungua akaniongezea, ukipungua anaongeza, nami sijui kukataa! Tumbo lilitaka kupasuka na sikutaka ainuke. Momo zilizobaki akanifungia kwenye boksi.

Nyumbani nikamwonyesha Mama picha. Akaikodolea macho weee.

"Wanakula vizuri hao," akasema.

Nikajua nimepona. Nimekuja chumbani kuandika. Sasa hivi namsikia jikoni anafungua boksi. Halafu:

"We mtoto! Mbona hizi tatu zote zimeng'atwa na meno yenye mwanya?"

Huu mwanya nimerithi kwake. Hawezi kuusahau.

Naendelea kuandika.

Ndala zake zinakuja. Polepole — Mama hatembeagi hivyo. Zimesimama mlangoni. Hagongi, haniiti.

Anatafuna. Namsikia kabisa, anazila zile zile nilizo— kitasa! Naficha daftari hi